Kisa cha binti, vepu na lile swali la "nani kakufundisha"

Binti ana miaka 16, tumwite Dogo. Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekichanganya kutoka kwa vijana kadhaa na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtoto wa mtu asije akatambulika, ila mwendo wa mambo ndio huohuo, na kama unafanya kazi ya ushauri na vijana nadhani utautambua haraka.

Dogo alikamatwa chooni shuleni akivuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, zile za kutumia ukatupa, fleva ya tikitimaji. Mwalimu wa zamu alisikia harufu tamu imezagaa akasubiri mlangoni mpaka katoka. Akapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, mama yake akapigiwa simu, mama akaja na kaka yake yaani mjomba wa Dogo, na mimi kama mshauri nikaitwa mwishoni, nafika nakuta kikao kimeshapamba moto. Vepu iko mezani katikati ya watu wazima watatu, na swali ni moja tu linarudiwa kwa sauti tofauti: nani kakufundisha? Mjomba analiuliza kwa kufoka, mama analiuliza analia, mwalimu analiuliza huku ameshika kalamu tayari kuandika jina.

Dogo kimya. Anabandua rangi ya kucha kwenye kidole gumba, vipande vinadondokea sketi, anavikusanya kimoja kimoja anavishika kwenye kiganja kama vitahesabiwa. Mjomba akasema mnaona ujeuri huo, mtoto anaulizwa na mama yake hajibu. Mwishowe Dogo akasema nilinunua mwenyewe mtandaoni. Mjomba hapohapo, haya lete simu, fungua tuone uliponunua.

Hapo ndipo nikaona sura ya mtoto imebadilika. Yaani hadi muda ule alikuwa na hofu ya kawaida ya mwanafunzi aliyeshikwa, ila simu ilipotajwa ikawa hofu ya aina nyingine kabisa, alianza kupumua kwa juu juu na akaufunika mfuko wa sketi kwa mikono yote miwili. Nikasema jamani kosa la leo ni kuvuta chooni na ushahidi upo mezani hapo, simu ya nini tena, naomba nizungumze naye kwanza. Mwalimu wa nidhamu, na hapa nampa heshima yake, akakubali. Mjomba hakufurahi.

Kabla Dogo hajafungua mdomo nikamwambia mipaka yangu: utakachoniambia kinabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, hapo nitalazimika kumshirikisha mtu na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mi nikijibu lile swali, naisha."

Jibu la lile swali lilikuwa mpenzi wake. Binti mwenzake wa miaka 17, shule nyingine. Walijuana kupitia kigrupu cha marafiki watano ambao wote ni LGBTQ, yaani wanaopenda jinsia yao, trans na wengine wa namna hiyo, wanakutana wikiendi, wanachati usiku, na hao wenzake wanne ndio watu pekee duniani wanaomjua Dogo alivyo. Vepu ya kwanza alipewa humo. Kwa hiyo ukimuuliza nani kakufundisha unamuuliza vitu viwili kwa mpigo, unamuuliza nikotini imetoka wapi na unamuuliza unampenda nani, na hawezi kujibu la kwanza bila kujibu la pili. Tena si yeye tu, akitaja jina moja wote watano wanaanguka, maana mzazi wa huyu atampigia mzazi wa yule. Na simu ndiyo ilikuwa na kila kitu, picha, meseji, hadi majina ya utani.

Watu wazima kwenye kile kikao walidhani wanachunguza sigara. Hawakujua wamefika sentimita chache kutoka kwenye siri ambayo ingeweza kumfukuzisha mtoto nyumbani, na hawakuwa na ubaya, hilo nalisisitiza, mama alikuwa na uchungu wa kweli. Ila nimeona kikao cha namna hii mara nyingi na swali ni lilelile, ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwa kijana wa kawaida swali hilo ni la kipuuzi tu, halisaidii chochote, lakini kwa kijana LGBTQ aliyejificha linaweza kuwa ndilo jambo la hatari kuliko hiyo vepu yenyewe.

Sasa turudi kwenye vepu, maana nayo si kitu cha kuchukulia poa.

Dogo aliamini anavuta mvuke wenye harufu ya matunda. Si yeye tu, mwaka 2018 utafiti wa Truth Initiative, shirika la Marekani la kupambana na tumbaku, uligundua kwamba asilimia 63 ya vijana wa miaka 15 hadi 24 waliokuwa wakitumia vepu za kampuni ya Juul hawakujua kwamba Juul ina nikotini muda wote. Kilichobadilisha mchezo ni chumvi za nikotini. Nikotini ya zamani ukiivuta kwa kiwango kikubwa inakukwaruza koo, unakohoa, unaacha. Kampuni zikaichanganya na asidi ya benzoiki, ukali ukapungua, ikawa laini, mtoto ambaye hajawahi kugusa fegi anavuta kiwango kikubwa bila hata kukohoa. Juul ilipoingia sokoni 2015 ilikuwa na miligramu 59 hivi kwa kila mililita, wakati sheria ya Umoja wa Ulaya inaishia miligramu 20. Baadaye mwaka 2020 Marekani ikabana fleva za vepu za kubadilisha podi (kile kikopo cha kimiminika) ila ikaacha mwanya kwa zile za kutupa, basi vijana wakahamia huko huko. Hiyo ya Dogo ni ya ukoo huo.

Nikamuuliza maswali ya kawaida ya kupima utegemezi. Ushawahi kujaribu kuacha ukashindwa? Ndiyo. Unaona ugumu kujizuia sehemu ambazo hairuhusiwi? Akacheka kidogo, akasema ndo maana niko hapa. Usipovuta unakuwaje? Nakuwa na hasira, siwezi kusoma, nahisi kama kuna kitu kibaya kinakuja. Na asubuhi? Ipo chini ya mto, anavuta kabla hajatoka kitandani. Hilo la mwisho kwangu linatosha, mtu anayeanza siku na nikotini kabla ya kupiga mswaki huyo hachezi tena, ana arosto, yaani mwili unadai nikotini iliyokosekana usiku kucha, na anaitibu.

Na hapa ndipo kisa kinaponoga kwa upande wa kuelewa, naomba nikae kidogo. Dogo alirudia mara nyingi kwamba vepu inamtuliza. Mtu mzima akisikia hivyo anasema uongo huo, ila kwa mtoto si uongo, ni kweli anahisi hivyo, kinachotakiwa ni kumwonyesha anatulizwa kutoka kwenye nini. Nikotini ukivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, unapata nafuu ya haraka kuliko karibu kitu chochote kingine. Lakini nusu yake inaondoka mwilini kwa kama saa mbili, na ikishuka unaanza kuwa na wasiwasi, moyo hautulii, hasira za karibu, umakini unapotea. Sasa chukua mtoto ambaye tayari ana wasiwasi wa kweli, kila siku anapima sauti yake, anaangalia asimtazame msichana muda mrefu, anafuta meseji, anasikiliza utani wa darasani kuhusu "watu wale" na inabidi acheke na wenzake. Wasiwasi ule wa siri na wasiwasi wa arosto vinafanana mwilini, ni kifua kilekile kinabana. Hawezi kuvitofautisha. Kwa hiyo kila akivuta na kupata nafuu anadhani vepu imetibu hofu ya maisha yake, kumbe imetibu ile arosto iliyoletwa na mvuto wa saa mbili zilizopita, na hofu ya kweli bado iko palepale.

Nilimwomba aandike kwenye simu, kwa alama tu bila maneno, kila akitaka kuvuta aweke saa na kama kuna kitu kimetokea dakika chache kabla. Alivyorudi tukaangalia pamoja. Nyingi zilikuwa zinafuatana kwa saa tu, yaani arosto, hakuna kilichotokea. Lakini kulikuwa na rundo la alama lililokaa sehemu mbili, muda wa mapumziko ya mchana shuleni na muda wa chakula cha usiku nyumbani ambapo mjomba huwa anaongea. Aliitazama ile orodha akasema, kumbe si muda wote nina stresi. Sikuongeza neno.

Kuhusu kwanini hawa vijana wanavuta zaidi ya wenzao. Marekani, ambako dodoso za wanafunzi huuliza pia mwelekeo wa mapenzi, takwimu zimekuwa zikionyesha hivyo mwaka baada ya mwaka. Uvutaji wa vepu kwa jumla umeshuka sana kule, wanafunzi wa sekondari ya juu walikuwa asilimia 27.5 mwaka 2019 na kufikia 2024 wakawa asilimia 7.8, ila vijana LGBTQ bado wako juu ya wenzao. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya mtafiti Ilan Meyer, aliyeyapanga vizuri mwaka 2003: ukiwa wa kundi dogo linalodharauliwa unabeba mzigo wa ziada juu ya stresi ambazo kila mtu anazo, unabaguliwa, unasubiri kubaguliwa, unajificha, na mwisho unaanza kuamini yale wanayokusema. Hakuna kitu kwenye kumpenda binti mwenzako kinachokufanya utamani nikotini. Na upande wa familia kuna kazi ya Caitlin Ryan na wenzake ya 2009, vijana wa LGB ambao familia ziliwakataa vikali walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuripoti kuwahi kujaribu kujiua na mara 3.4 zaidi wa kutumia dawa za kulevya, ukilinganisha na wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Hizo namba ndizo nilizokuwa nazo kichwani mjomba aliposema lete simu.

Mjomba naye siku nyingine alinipa hotuba, bila kujua habari za Dogo, kwamba vijana wa siku hizi wameharibiwa na hao mashoga wa mitandaoni, wao ndio wanaleta mavepu. Nikamwambia mzee wangu historia inasema kinyume, kampuni ndizo zilizowafuata. Mwaka 1992 Philip Morris waliweka tangazo la sigara za Benson & Hedges kwenye jarida la wanaume mashoga la Genre, jambo ambalo kampuni kubwa za sigara zilikuwa hazijafanya. Miaka michache baadaye R.J. Reynolds wakawa na mpango wa kuwauzia sigara mashoga wa mtaa wa Castro pale San Francisco, pamoja na watu wasio na makazi wa mtaa wa Tenderloin, na mpango wenyewe wakauita Project SCUM, neno ambalo kwa Kiingereza ni tusi la kumwita mtu takataka. Nyaraka zao zilikuja kutoka kwa sababu ya kesi za mahakamani. Yaani unamwita mteja wako takataka kwenye makaratasi ya ofisini halafu unaenda kumpa sigara kwa tabasamu. Mjomba akasema hiyo sikuijua. Akatoa pakiti yake mfukoni akawasha, na sikuona haja ya kusema kitu maana kila mtu alikuwa anaona.

Haya, tulifanya nini.

Jambo la kwanza lilikuwa kuyatenganisha mambo mawili na kuyaacha yatengane. Nikotini ni mada ya wazi, mama anajua, shule inajua, tunaifanyia kazi mezani. Mapenzi yake ni yake, yatatoka siku atakayotaka yeye, kwa mtu atakayemtaka yeye, au yasitoke. Mwenzangu mmoja wa kazini alinipinga, alisema unatibu matawi unaacha mzizi, mzizi ni kujificha, mwambie mama yake. Nilikataa na bado nakataa. Kujificha ni mzigo ndiyo, lakini anayejua kama nyumbani ni salama ni mtoto anayelala pale, si mimi ninayerudi kwangu jioni. Ukimfichua kwa nia ya kumtibu umemwongezea ule mzigo ulioanza kumvutisha.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo naliona kwa watu wenye roho nzuri. Wanasema mwacheni, maisha yake magumu tayari, vepu ndiyo faraja yake pekee. Hapana bwana. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi na nikotini inauingilia kwenye umakini, hisia na uwezo wa kujizuia, vitu ambavyo mtoto mwenye maisha magumu anavihitaji kuliko mtu yeyote. Kumhurumia mtu haimaanishi umwache na arosto.

Jambo la pili lilikuwa marafiki, na hapa ushauri wa kitabuni unaanguka chali. Ushauri wa kila siku ni achana na marafiki wabaya. Sasa mwambie Dogo aachane na wale wanne uone, umemwondolea watu wote wanaomjua, anabaki na mjomba na siri. Kwahiyo tukapanga kinyume: marafiki wanabaki, kinachoondoka ni vepu katikati yao. Nilijua ni ngumu, maana kwenye kigrupu chao kuvuta ndiyo namna ya kukaa pamoja, mmoja akitoa inazunguka kwa wote, na kwa watoto ambao sehemu nyingi wanajibana hiyo duara ndogo ni kitu kikubwa sana.

Dogo akamwambia mpenzi wake. Alinionyesha meseji mwenyewe, hakulazimishwa.

"Kwa hiyo unaniacha"

"Sikuachi wewe, naacha hii kitu"

"Ni sawa tu, siku hizi umekuwa wa washauri"

Halafu kimya siku nzima, Dogo hakula. Usiku ikaja nyingine: "We acha tu mi ntaendelea ila sio mbele yako sawa." Nilifurahi kuliko ningeambiwa wameacha wote, maana hili lilikuwa jambo linalowezekana.

Mmoja kati ya wale watano ni kijana trans, alizaliwa akaitwa msichana, anavaa nguo ya kubana kifua. Dogo aliniuliza kwa niaba yake, maana yeye anataka siku moja afanyiwe upasuaji. Nikamwambia madaktari wengi wa upasuaji wa namna hiyo wanataka mtu awe ameacha nikotini wiki kadhaa kabla na baada, ya vepu ikiwemo, sababu inabana mishipa midogo ya damu na kidonda hakiponi vizuri. Na kwa wasichana trans wanaotumia homoni ya estrojeni, kuvuta sigara kunaongeza hatari ya damu kuganda. Nasikia huyo kijana alipunguza kabla hata ya Dogo.

Jambo la tatu ni tiba yenyewe. Daktari alimpima akampa plasta za nikotini pamoja na chingamu. Wazazi wengi wanashtuka, unampaje nikotini mtoto unayetaka aache nikotini, ila plasta inatoa polepole, haina ile haraka ya kugonga ubongo kwa sekunde chache, ndiyo maana ni rahisi kuishusha. Uingereza wanaziruhusu kuanzia miaka 12, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri daktari azifikirie kwa kijana mwenye utegemezi wa kati au mkali. Kuna pia dawa ya vareniklini, utafiti uliotoka 2025 kwa vijana wa miaka 16 hadi 25 wanaovuta vepu ulikuta asilimia 51 waliotumia hawakuvuta kwenye mwezi wa mwisho wa matibabu, waliopewa dawa bandia asilimia 14. Daktari wa Dogo aliona aanze na plasta, ni uamuzi wake.

Halafu meseji za kuacha. Programu ya This is Quitting ya Truth Initiative ilipimwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2024: baada ya miezi saba asilimia 37.8 ya waliopokea meseji hawakuwa wakivuta, wale wa kundi la kulinganishwa asilimia 28. Si muujiza lakini ni tofauti ya kweli, na kwa mtoto mwenye siri ina faida kwamba haimlazimu kukaa mbele ya mtu na kujieleza. Sisi tulitengeneza ya kwetu ya kienyeji, mimi natuma, yeye akitaka anajibu, asipotaka basi. Ila angalizo moja la kiufundi ambalo watu husahau: meseji inatokea kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa. Kwenye nyumba ambayo mtu anainyatia simu yako, meseji ya "vipi mpenzi wako alichukuliaje" ikitokea mezani wakati wa chakula umemaliza mtoto. Tulikubaliana meseji zinazungumzia nikotini tu, na alizima maandishi yasionekane juu ya kioo.

Mama sasa. Nilimwomba vitu viwili. Kwanza siku mbili tatu za mwanzo atakuwa hashikiki, atajibu ovyo, hatalala vizuri, hiyo ni arosto inafika kileleni, kisha inashuka taratibu kwa wiki mbili hadi nne, usiichukulie kama dharau ukaanzisha vita ndani ya nyumba. Pili, simu yake iacheni. Mama akaniangalia muda mrefu, akauliza, "Kuna jambo lingine, eti mshauri?" Nikamwambia, "Mama, kila mtoto wa miaka 16 ana jambo lingine. Likiwepo la kukuambia atakuambia mwenyewe siku akiona hutamfokea." Akasema mimi sifoki, anayefoka ni kaka yangu. Nikamwambia basi mwambie kaka yako. Alimwambia kweli, ingawa sijui yalizungumzwa vipi, nachojua ni kwamba chakula cha usiku kilipoa kidogo.

Shule ilitaka kumsimamisha wiki mbili. Niliomba wasifanye hivyo na niliwaeleza kwa hesabu za kawaida: mtoto ana arosto, mnamfungia nyumbani siku nzima na mtu anayemhoji, halafu mnategemea arudi ameacha? Wakakubali abaki, afanye usafi baada ya vipindi na aje kwangu. Kuna mwalimu alisema tunalea. Sawa.

Iliendaje? Si kwa mstari ulionyooka. Alikaa vizuri wiki kadhaa, mpaka mwalimu mmoja akatoa utani darasani kuhusu wasichana wanaopendana, darasa zima likaangua kicheko na yeye akacheka. Jioni hakuwa na vepu. Akachomoa fegi moja kwenye pakiti ya mjomba. Hii ndiyo hatari ambayo mwalimu wa nidhamu haioni, mtoto aliyezoea nikotini ukimnyang'anya kifaa halafu ukamwacha na sababu, atachukua kilicho karibu, na kilicho karibu ni moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Alinitumia meseji usiku uleule, "nimeharibu." Nikamjibu hujaharibu, umevuta fegi moja, plasta ya kesho iko wapi? Kwenye droo. Basi bandika asubuhi kama kawaida. Na nikaenda kuzungumza na yule mwalimu wa utani, bila kumtaja mtu yeyote, nikamwambia tu darasani kwako kuna watoto wa kila namna. Alinuna.

Kwa sasa Dogo yuko kwenye plasta ya kiwango cha chini, chingamu anatumia muda wa mapumziko ya mchana. Vepu anasema anaiota. Nyumbani hawajui lingine lolote na yeye hana mpango wa kusema mwaka huu, labda akimaliza shule, labda akiwa na chumba chake. Mpenzi wake bado anavuta, ila wiki iliyopita alimtuma Dogo aniulize kama zile plasta anaweza kupata hata asiyesoma shule ile. Nimemjibu aende zahanati iliyo karibu naye, amwambie daktari anavuta nini, mara ngapi kwa siku na inamchukua muda gani toka aamke mpaka anapovuta mara ya kwanza, hayo yanatosha kumpimia kiwango. Nimemwambia pia ikitokea daktari akauliza nani alimfundisha, anaruhusiwa kutojibu.